Ukiling'oa, Unalipeleka Wapi? Kwa Wanaoanza Kazi ya Magugu Mtoni Nile

Jumamosi iliyopita nilikaa rafti ya nyuma, na rafti ya mbele ilikuwa imejaa vijana wapya. Walifanya kazi kwa moyo wote. Waliimba, wakashika ukingo wa kundi la gugu maji, wakaling'oa kwa mikono miwili na kulitupa nyuma yao bila kugeuka. Nyuma yao ni mto. Kila shina walilolitoa kushoto lilichukuliwa na mkondo upande wa kulia, likapita chini ya pua ya rafti yangu likiwa zima, na mizizi yake na vichipukizi vyake, likaelekea bwawa la Isimba, chini ya mto. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walidhani nawashangilia, wakanipungia makafi.

Nawapenda vijana hawa. Wameacha usingizi wa Jumamosi, wametoka Walukuba, Masese na Bugembe kwa nauli zao, na hakuna anayewalipa hata shilingi. Ndiyo maana sitaki jasho lao liende bure. Makosa niliyoyaona ni yale yale ambayo kila kundi jipya huja nayo, na mengine yameshatuumiza vibaya. Sitaeleza namna ya kufunga jaketi wala amri za nahodha; hayo mnayajua, na wengi wenu mmeshapinduka na kupanda tena. Nitasema juu ya magugu.

1. Jua unachong'oa kabla hujakishika.

Kwenye kipande chetu cha mto, kati ya bwawa la Bujagali na maji yaliyotuama ya Isimba, kuna mimea minne ya kigeni tunayoitafuta. Gugu maji lenye ua la zambarau na mashina yaliyovimba mnalijua wote. Asili yake ni Amerika Kusini, na Uganda ililiona kwenye maziwa ya Kyoga na Victoria kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Gugu la Kariba ni dogo, majani yake yana vinyweleo vinavyokataa maji, likikomaa majani yanajikunja na kusongamana. Hilo lilionekana Kyoga mwaka 2013. Ukingoni kuna mimosa, yenye miiba na majani yanayojifunga ukiyagusa, na kuna lantana yenye maua madogo ya rangi mbilimbili.

Mafunjo yaacheni. Yungiyungi liacheni. Kijana mmoja wa mwaka jana, mwenye nguvu za kung'oa mwembe, alitufungulia dirisha zima kwenye ukuta wa mafunjo na kutuita tukalione. Alikuwa anatabasamu, na hakuna aliyejua aanzie wapi kumwambia. Mafunjo ndiyo yanayoshika udongo wa ukingo usiporomoke, humo samaki wanazalia, humo ndege wanajenga. Kanuni zetu za mazingira zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa Nile, na sisi wenye glavu hatujasamehewa. Kama hujui mmea, uliza. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka niambie mimi.

2. Gugu la Kariba halipigwi panga.

Gugu hili halizai mbegu zinazoota. Linaenea kwa vipande tu. Kipande chenye jicho moja, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinatosha kuanzisha ukoo mpya kwenye ghuba nyingine. Kwa hiyo ukilipiga panga ndani ya maji umelipanda upya. Lichote kwa wavu au kwa kapu, polepole, ukianzia upande wa chini wa mkondo ili vinavyoponyoka vikutane na wavu wa mwenzako. Kulikusanya kwa vidole ni sawa na kuokota ulezi uliomwagika mchangani; utachoka na utabakiza. Nyavu tunazo, ziombeni.

Na mkimaliza, kagueni rafti. Zigeuzeni kichwa chini, mpitishe mkono kwenye kamba za pembeni, chini ya viti vya hewa, ndani ya mfuko wa kamba ya kurushia. Humo ndimo vipande vinajificha, na rafti hizi kesho yake zinapandishwa kwenye lori kupelekwa mahali pengine.

3. Rundo linawekwa juu ya mstari wa maji.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo lililoniliza Jumamosi.

Mwaka niliopewa kuongoza rafti kwa mara ya kwanza, tuliingia kwenye ghuba moja nyuma ya kisiwa, upande wa Kayunga. Ilikuwa imefunikwa kabisa, gugu maji juu na gugu la Kariba limejaza nafasi katikati. Tulilivamia asubuhi. Kufikia mchana tulikuwa tumefungua maji, na mlima wa magugu ulikuwa kwenye mawe ya ukingoni, mbichi, unachuruzika. Ndipo ikaja kazi ambayo hakuna anayeijia: kuupandisha. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu maji ni maji, kwa hiyo gunia moja likijazwa lilikuwa linawatoa jasho watu wawili, na njia ya kupanda ilikuwa tope jekundu lenye kuteleza mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Dada mmoja wa kundi letu alisema tupumzike, kisha tupandishe yote, hata kama tutarudi gizani. Mimi ndiye niliyekuwa na neno la mwisho. Nikasema tuyaache pale pale juu ya mawe, jua litayaua kabla ya Jumatano. Nikaongeza jingine baya zaidi: tuyakatekate ili yakauke haraka. Tukayakatakata, gugu maji na gugu la Kariba pamoja.

Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ametuazima mtumbwi wake. Alikuja akasimama kando ya rundo, akasema, "Dada, hapo maji hufika." Nikayatazama mawe. Yalikuwa makavu, ya moto, huwezi kuyakanyaga bila viatu. Nikamjibu, "Mzee, mawe haya ni makavu." Akatikisa kichwa na kwenda kufungua mtumbwi wake.

Alichokuwa anakiona mzee kilikuwa mbele ya macho yangu. Juu ya yale mawe, karibu na kiuno changu, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka, mweupe kidogo, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kwenye kichaka juu ya mstari huo kulikuwa na kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, kimenasa kwenye matawi, kimeelekea chini ya mto, na manyoya ya majani makavu yamekifunika upande mmoja. Mto ulikuwa umeshaandika mahali unapofika. Mimi nilisoma ukavu wa mchana ule tu.

Nile hii yetu haipandi kwa mvua peke yake. Inapanda na kushuka kwa saa za umeme. Mabwawa yaliyo juu yetu yakihitaji kuzalisha zaidi, maji yanaachiliwa zaidi, na ghuba uliyoiacha ikifika magotini asubuhi unaweza kuikuta kifuani jioni. Manahodha wote wanajua hili. Wanapanga safari zao kwa hilo. Nililijua na mimi nikiwa nimekaa kwenye rafti na kafi mkononi. Niliposhuka na kuwa mtu wa magugu, nilikuwa nimelisahau.

Tuliporudi baada ya wiki, mawe yalikuwa meupe, yamefagiliwa. Na hili linaniuma hadi leo: tulifurahi. Mmoja wetu alisema wakulima wameyachukua kwenda kutandaza kwenye migomba, tukakubali wote bila kwenda kuuliza nyumba hata moja. Tukapiga picha za maji yaliyo wazi.

Haikupita muda, akaja kijana wa boda na ujumbe kutoka kijiji kilicho chini zaidi, kule mto unapoanza kulala kwenye maji ya Isimba. Akasema twende tukaone. Tulipofika kwenye mwalo wao, maji hayakuonekana. Mitumbwi ilikuwa imekaa juu ya kijani. Kina mama walikuwa wamelaza mbao mbili ili waweze kufika mbali kidogo na kuzamisha madumu, na maji waliyoyapata yalikuwa meusi, yananuka majani yaliyooza. Mama mmoja alitungoja amesimama. Alikulia Walukuba wakati baba yake akifanya kazi kiwandani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Aliinama, akavuta shina moja, akaniwekea mkononi. Lilikuwa limekatwa mshazari, safi, na pembeni ya kidonda kulikuwa na chipukizi jipya refu kama kidole.

"Gugu linalojileta lenyewe," alisema, "halina alama ya panga."

Nikamwambia mama, ni sisi. Niliagiza mimi. Hakunijibu. Alirudi kwenye madumu yake, akatuacha pale na rafti yetu nzuri na jaketi zetu za rangi ya machungwa. Tulianza kazi saa ile ile. Tulirudi Jumamosi baada ya Jumamosi, wengine walipata malaria katikati yake, na hakuna siku hata moja mama yule alitupa maji ya kunywa, wala hakupaswa. Gugu maji likipata maji ya uvuguvugu yenye mbolea nyingi linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au pungufu, kwa hiyo nusu uliyoiacha Jumamosi hii unaikuta imekuwa nzima. Tulipoufungua mwalo ule, vijana waliokuwa wamekuja nasi kwa mara ya kwanza walidhani kazi ya kujitolea siku zote ni ya kimya namna ile.

Sasa basi. Ukifika kwenye ghuba, kabla hujagusa jani, tafuta mstari wa tope kwenye mawe, tafuta takataka zilizonasa kwenye vichaka, muulize mvuvi. Rundo liende juu ya hapo, na juu tena hatua nyingi. Wekeni magugu kwanza kwenye turubai yachuruzike, mizigo inapungua sana. Nguvu za kupandisha zikiwa hazitoshi, ng'oeni kidogo. Ghuba iliyofunguliwa robo na magugu yake yote yako shambani inanifurahisha kuliko ghuba nyeupe yenye rundo kwenye mawe.

Mzee wa mtumbwi nilimwendea. Nilimwomba radhi kwa kumjibu vile mbele ya vijana. Siku hizi hatuanzi kazi bila yeye kutuonyesha mahali pa rundo, na akisema "juu zaidi," tunapanda.

4. Kichocho.

Maji ya mbio katikati ya mto hayanitii wasiwasi kama maji matulivu chini ya magugu. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda huko huko tunakofanyia kazi, na viluwiluwi wa kichocho wanapenya ngozi kwa dakika chache tu, wengi wao wakiwa majini katikati ya mchana jua linapokuwa kali. Fanyeni kazi ya kuzama miguu mapema asubuhi, vaeni suruali ndefu na soksi, jifuteni kwa taulo mara mnapotoka.

Dawa ipo, prazikwanteli, na inatibu vizuri. Ila kila mwaka kuna anayeimeza jioni ya siku ile ile na kujiona amemaliza. Dawa hii inaua minyoo waliokomaa, wachanga inawaacha. Nendeni kituo cha afya wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, mwambieni mhudumu kazi mnayoifanya, mpimwe, mpewe dozi ya uzito wenu. Msigawane vidonge kwa makadirio. Binti mmoja wetu alikaa na maumivu ya tumbo na damu chooni kwa miezi, akidhani ni chakula, kwa sababu alikuwa "ameshameza." Wadogo zangu, semeni mapema.

5. Mapanga.

Panga kwenye ala yake, ala imefungwa kwenye fremu, na hakuna panga linalotoka tukiwa kwenye mwendo. Mnajua sababu.

6. Viatu.

Gambuti zibaki nyumbani. Zikijaa maji zinakuvuta chini. Sandali zenye mikanda, au raba za zamani.

7. Mimosa na lantana mnazifyeka, zinachipua.

Ukiikata mimosa kwenye shina, inarudi na matawi mengi zaidi. Ing'oe na mzizi wakati udongo umelowa, baada ya mvua, na uifanye kabla maganda hayajakauka, kwa maana ganda lake hukatika vipande vidogo vyenye nywele, vikaelea na kushuka na mto, kila kimoja na mbegu yake. Ikiwa imeshazaa, funga kwanza matawi ndani ya gunia, kisha kata. Lantana nayo ni hivyo hivyo, mzizi wote. Msiwaachie ng'ombe matawi yake, ni sumu kwao. Mfugaji mmoja karibu na Itanda alitufukuza siku nzima kwa sababu kundi fulani lililotutangulia liliacha rundo la lantana kwenye malisho yake, naye alikuwa na haki ya kutufukuza. Tulikaa chini ya mti wake mpaka alipopoa, tukalichoma lile rundo kabla ya kuanza letu.

8. Mkiona majani yenye makovu madogo madogo, simamisheni kazi mniite.

Hiyo ni kazi ya fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugu maji. Waliachiliwa Kyoga na Victoria katikati ya miaka ya 1990, wakubwa wanakwangua majani, watoto wao wanatoboa ndani ya mashina mpaka gugu linazama lenyewe. Wamefanya kazi ambayo mikono yetu yote isingeweza. Jumamosi kijana mmoja alikuwa anawaponda kwa kidole, mmoja mmoja, akidhani anatusaidia. Kundi la magugu lenye fukusi wengi tunaliacha, au tunachukua mashina machache yenye fukusi na kuyapeleka kwenye gugu maji jingine lisilo nao. Wa gugu la Kariba ni fukusi wa aina nyingine, hawabadilishani chakula.

9. Salimieni watu.

Rafti ikitia nanga kwenye mwalo wa watu, anayeshuka kwanza asiwe mwenye reki. Ashuke mtu mmoja, asalimie wazee, aulize mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, yuko wapi, aeleze tumekuja kufanya nini na rundo litakaa wapi. Wengine mngoje, hata nusu saa. Najua jua linachoma na mnataka kuanza. Wale wanaoishi pale wataishi na tulichokiacha sisi tukiwa tumesharudi Jinja kula rolex, chapati yetu ya mayai.

Kuna wanaotaka magugu kwa ajili ya migomba yao; wapeni, yakiwa yamekauka kabisa. Kwa kulishia mifugo sishauri, gugu maji hunyonya metali nzito kutoka kwenye maji machafu, na mto huu unatoka mjini.

10. Tunarudi.

Wageni wengi wanakuja mara moja. Wanafungua ghuba, wanafurahi, hatuwaoni tena. Mbegu za gugu maji zinaweza kulala kwenye tope hadi miaka 20, na ukifungua maji jua linafika chini, mbegu zinaamka. Kwa hiyo ghuba iliyosafishwa inahitaji macho zaidi ya ile iliyojaa. Miche ya wiki ya tatu inang'oka kwa vidole viwili, mtu mmoja kwenye mtumbwi anaimaliza kabla ya chai. Ya mwezi wa tatu inahitaji rafti mbili na watu wote hawa.

Na kinachobaki hakikai mahali pake. Aprili 2020, Ziwa Victoria likiwa limejaa, kisiwa kinachoelea kilijing'oa kikaja kuziba bwawa la umeme la Nalubaale, na nchi nzima ikakosa umeme. Mimea tu, na udongo ulioshikwa na mizizi. Mlikuwa mmeshakuwa wakubwa, mnakumbuka giza lile. Sisi hatuwezi kuzuia kisiwa. Tunaweza kulinda ghuba saba au nane ambazo watu wanateka maji na kutia mitumbwi, tukizipitia kwa zamu bila kuruka.

Zamu za mwezi huu ziko tayari. Ghuba ya kwanza ni ile ya nyuma ya kisiwa upande wa Kayunga, kisha tunashuka mpaka mwalo wa mama niliyemtaja. Siku hizi yeye ndiye anayetupigia simu akiona kijani. Rafti zinaingia majini saa moja asubuhi. Tunahitaji turubai mbili na mipini ya reki, zetu zimevunjika Jumamosi. Mwenye mpini imara nyumbani aulete, na aliyeponda fukusi aje akae rafti yangu, nimwonyeshe wanavyofanya kazi.